Aliyerusha Sponji

Mtaa wa Juu, Cwmhelyg,
Wales

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo ni Jumamosi, tarehe 16 Septemba 1911, na kabla sijaendelea naahidi kwamba nitakueleza yote, bila kuruka kitu na bila kupamba kitu. Nimeketi kwenye meza ya jikoni. Mama yupo nyuma yangu anapiga pasi, na anajua ninachoandika.

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema huko Scranton, Marekani, kifua hakikusumbui, na Bibi Pritchard wa hapo unapopanga bado anakupikia ile supu ya viazi unayoisifu. Sisi huku hatujambo. Joto la mwaka huu halijapata kuonekana. Mto umebaki vidimbwi, na wanaume wakipanda kutoka mgodini wanasema afadhali wangebaki chini. Mama ni mzima. Mimi nimeingia mwaka wa tatu, na mwalimu wetu, Bi Treharne, ameniweka dawati la mbele, si kwa utundu, bali kwa sababu anasema insha zangu zinasomeka. Idwal naye ni mzima, kwa kumtazama. Hilo la "kwa kumtazama" utalielewa mbele.

Barua yako ilifika wiki mbili zilizopita, na niliisoma kwa sauti baada ya chakula kama kawaida yetu. Ulisema wenzako wa Scranton walikucheka waliposikia kwamba Idwal, akiwa anaongoza kwa pointi, alikoseshwa ubingwa wa Wales na sponji iliyorushwa kutoka kona yake mwenyewe. Ulisema Mjomba Shadrach asikanyage tena kizingiti chetu, kwa sababu msaidizi wa kona anayerusha sponji kusalimu amri wakati bondia wake anashinda ama ni mwoga ama amekula rushwa. Tena ulisema Idwal arudiane na yule Sid Fouracre wa bandarini Cardiff siku inayofuata Krismasi, na akishinda apande meli aje kwako, kwa kuwa yupo mtu huko anayetaka kumpiganisha New York.

Niliposoma hapo Idwal alicheka, na tangu Agosti alikuwa hajacheka. Mama alikusanya sahani ingawa tulikuwa hatujamaliza kula.

Bwana Prosser, anayeandaa mapambano, amekwisha leta mkataba. Idwal hajautia sahihi. Amesema anasubiri neno lako la mwisho. "Baba akisema nipigane, napigana. Baba akisema basi, basi." Mimi na Mama hatuhesabiwi katika jambo hili, na Mjomba ndiyo kabisa. Kwa hiyo nakuomba usome barua hii mpaka mwisho kabla hujamjibu.

Sasa nianze na siku yenyewe, ile Jumatatu ya sikukuu ya Agosti.

Pambano lilikuwa la alasiri, kwenye ule ukumbi wa mbao uliojengwa baada ya wewe kuondoka, kando ya kiwanja cha raga. Asubuhi Idwal aliloweka mikono kwenye maji ya chumvi, akala nyama na mkate mkavu, kisha akavaa suti yake ya Jumapili. Unamjua Mjomba Shadrach, anashikilia kwamba bondia aende ukumbini kama aendaye kanisani, na kola ngumu shingoni, ili mpinzani amwone ametulia. Idwal aliniita chumbani. Alikuwa ameshika kola mkononi na jasho linamtoka. Akaniambia, "Cein, nifunge hiki kidude, kinanichokoza." Nikamfunga kile kifungo kidogo cha shaba cha mbele, kisha cha nyuma. Akanibana pua kwa vidole akasema nikikua niwe mtumishi wa mabwana. Nikamwambia kwa mshahara wake hawezi kuniajiri. Tukacheka, akaenda zake na Mjomba, na watoto wa mtaa wote wakamfuata mpaka darajani.

Mama hakutoka kumuaga. Unajua kwamba tangu kanisa letu lilipowaondoa Mjomba na Idwal kwenye ushirika kwa ajili ya ngumi za kulipwa, yeye hazungumzii mchezo huo ndani ya nyumba. Alikuwa anaoka vile vikeki vya zabibu juu ya bamba, na mimi nikawa navigeuza. Tukawa tunazungumza mambo ya kawaida. Nikasema, kama mtu anayesema mvua itanyesha, kwamba Idwal amekuwa kama Baba sasa, hafungi kola yake mpaka afungwe.

Mama akauliza, "Umesemaje?"

Nikarudia.

"Tangu lini?"

Nikamwambia tangu Pentekoste, kila Jumapili, na kwamba nilidhani anajidekeza tu, au anakukumbuka wewe. Maana mimi nilizoea kukuona, Baba, kila Jumapili umesimama nyuma ya mlango wa jikoni na kidevu juu, na Mama amenyoosha mikono anakufunga kola, nanyi hamsemi neno. Nilikuwa naona hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote katika nyumba yetu. Nilikuwa nikisema moyoni kwamba nami nikiolewa nitamfunga mume wangu kola.

Mama aliondoa bamba motoni huku vikeki havijaiva upande wa pili. Akapanda juu, akashuka amevaa kofia yake nyeusi ya kanisani na glavu nyeusi, siku ya Jumatatu. Nilimuuliza tunakwenda wapi. Akasema, "Wewe huendi popote." Lakini hakugeuka kuona kama ninamfuata, basi nikamfuata.

Wanawake hawaingii ukumbini humo. Mlangoni alikuwepo Bwana Tudor Mwenye Mguu, yule aliyeumia mgodini, anakata tiketi. Alipomwona Mama alivua kofia akasema, "Mama Idwal, leo hakuna ibada hapa." Mama akapita, si mlangoni bali ubavuni mwa ukumbi, mpaka nyuma kwenye bomba la maji, ambako kuna mlango mdogo wa kupitishia ndoo. Kona ya Idwal ilikuwa hapohapo, hatua chache tu kutoka mlangoni. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto.

Baba, sikupata kuona ndondi kabla ya siku hiyo, na sitaki kuziona tena, lakini nimeahidi kueleza yote, kwa hiyo nitasema pia kwamba Idwal alikuwa mzuri. Ilikuwa raundi ya kumi na sita kati ya ishirini. Fouracre ni mfupi, amejaa kama pipa, na kila akija mbele Idwal alimpokea kwa mkono wa kushoto usoni na kuondoka. Wanaume walikuwa wamesimama juu ya mabenchi. Mmoja alikuwa anapiga kelele, "Fouracre, rudi bandarini ukabebe magunia!" na mwingine, "Idwal, usimwue, ana mama huyo!" Hata mimi nilisikia fahari, na nadhani ningepiga kelele kama Mama asingekuwepo.

Mama hakutazama alikotazama kila mtu. Alitazama mkono wa kulia wa Idwal. Raundi ilipoisha Idwal alirudi kwenye kiti chake cha kona, na kabla ya kuketi akapapasa kamba kama mtu anayetafuta ukuta gizani. Aliikosa. Akapapasa tena, akaishika. Mjomba alimmwagia maji, akamsugua, akamwambia, "Bado kidogo tu, mwanangu, umeshamaliza kazi." Hakutuona. Kengele ikalia.

Hapo Mama akasogea mpaka nyuma ya Mjomba, akamwambia kwa sauti ya chini, "Simamisha."

Mjomba aligeuka, nikadhani ataanguka. "Dada! Umeingiaje humu? Toka, mtoto anashinda!"

"Nimeona anashinda. Simamisha."

"Zimebaki raundi nne! Nne tu, halafu ni bingwa wa Wales!"

"Shadrach," Mama alisema, "hawezi kufunga kola yake."

Sikuelewa kwa nini maneno hayo yalimfanya Mjomba anyamaze. Alimtazama Mama, akamtazama Idwal, kisha akaitazama ndoo yenye sponji, lakini mikono yake haikwenda. Wakati huohuo Fouracre akampata Idwal ubavuni mwa kichwa. Idwal hakuanguka. Alirudisha ngumi mbili safi, na ukumbi mzima ukanguruma. Lakini mguu wake mmoja ulichelewa kumfuata, kama mguu wa mtu aliyeketi vibaya kanisani.

Mama akainama, akatia mkono kwenye ndoo na glavu yake, akairusha sponji.

Ndiyo, Baba. Ni Mama. Si Mjomba Shadrach.

Ilipita juu ya kamba ikaangukia karibu na kiatu cha refa. Kisha kelele zikaanza, na zilikuwa za namna nyingine. Mjomba akasimama mbele ya Mama akaupanua mkoti wake, akasema bila kugeuka, "Mchukue mtoto mtoke. Haraka." Halafu akanyanyua mikono akaita kwa sauti kubwa, "Ni mimi! Mimi nimeona inatosha!" Tulitoka kwa mlango wa ndoo tukaenda nyumbani kwa njia ya nyuma ya makaburi. Wapo watu wawili watatu waliosema baadaye kwamba waliona kofia nyeusi, lakini nani angewaamini?

Mjomba alifanya hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza, wanaume wale walikuwa wameweka dau na wamekunywa, na aliogopa. Ya pili, kama Mama angejulikana kwamba ameingia kwenye ukumbi wa ngumi, kanisa lingemwondoa yeye pia. Mjomba alisema, "Mimi wamekwisha nifukuza. Hawana mlango mwingine wa kunitolea."

Tangu siku hiyo Mjomba amekuwa akilipa kwa ajili yetu. Watoto wakimwona wanaimba "Mzee Sponji." Wamempigilia sponji mbovu mlangoni mwake. Katika lifti ya mgodini hakuna anayesimama karibu naye, na dukani mtu mmoja alimuuliza, "Shadrach, mara hii umeuza mpwa, mwakani unauza nani?" Akajibu, "Wewe, lakini sijapata mnunuzi." Alicheka alipotusimulia. Mama hakucheka.

Na Idwal? Aliporudi jioni ile alikuwa amejaa hasira. Alisema hataki kumwona Mjomba maisha yake yote. Mama akamwambia aketi. Alikuwa tayari amekwisha weka mezani kola safi na kile kifungo cha shaba. Akamwambia, "Mimi ndiye niliyerusha. Sasa funga."

Idwal akamtazama kama asiyesikia.

"Funga kola, mwanangu. Ukiifunga, kesho naenda mwenyewe kwa Bwana Prosser nikamwambie nilikosea, na wanaume wa mji huu wanifanye watakavyo."

Alijaribu, Baba. Niliona alivyojaribu. Kifungo kilimponyoka mara ya kwanza akakidaka. Kikamponyoka tena kikabingiria chini ya jiko. Nikakiokota nikampa. Vidole vyake vilikizunguka kama vya mtu ambaye bado amevaa glavu. Mwishowe alikitupa ukutani akasema mkono umechoka tu, nani asingechoka baada ya raundi kumi na saba.

Mama akamuuliza, "Na umechoka tangu Pentekoste?"

Hapo ndipo Idwal aliposema neno ambalo ndilo sababu ya barua hii. Alisema, "Baba alipigana miaka kumi na mitano, mlimani ngumi tupu na kwenye mahema ya maonyesho, watu watano kwa siku. Mimi nimepigana miaka sita tu. Na Baba hana kitu. Baba leo anachimba makaa Marekani."

Nilimwona Mama akifungua mdomo. Nilimwona akiufunga.

Usiku huo hakuniambia kitu. Ameniambia wiki hii, baada ya yaliyotokea kanisani, ambayo nayo lazima nikueleze kabla watu wa Scranton hawajakueleza, maana habari za bonde letu huwafikia wao kabla yetu. Jumanne iliyopita, kwenye mkutano wa washirika ambako kila mtu husema mambo ya roho yake, Mama alisimama. Alisema aliingia kwenye ukumbi wa ngumi siku ya sikukuu, kwamba sponji aliirusha yeye, na kwamba kaka yake amebeba lawama isiyo yake kwa zaidi ya mwezi mzima. Mzee Habakkuk, shemasi, akamuuliza kama anatubu. Mama akasema hapana. Mzee Habakkuk akasema labda dada hakulielewa swali. Mama akasema amelielewa vizuri sana, na kama kanisa litampigia kura ya kumtoa, lifanye upesi, kwa sababu ana nguo za kupiga pasi. Kura haikupigwa. Mchungaji alisema jambo hili lingoje, na mlangoni alimshika Mama mkono kwa muda mrefu. Kesho yake asubuhi ile sponji haikuwepo tena mlangoni kwa Mjomba. Hatujui aliyeing'oa.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilimuuliza Mama kwa nini Mjomba alinyamaza aliposikia habari ya kola. Akaniambia, na amesema nikuandikie kwamba ameniambia.

Amesema haikuwa mapenzi, ile kola ya Jumapili. Au ilikuwa mapenzi, lakini haikuanza kwa mapenzi. Ilianza Jumapili moja baada ya wewe kupigana Tredegar, ulipokaa kitandani na kola mkononi mpaka kengele ya kanisa ikanyamaza, na Mama akakuchukulia kola bila kusema neno, nawe hukusema neno, na mkaendelea hivyo miaka minne. Amesema siku za kazi ulivaa skafu kama wachimbaji wote, kwa hiyo hakuna aliyejua isipokuwa yeye, na Mjomba Shadrach, ambaye alikuwa jirani yako chini mgodini siku vidole vyako viliposhindwa kushika taa ukaiangusha. Amesema hukwenda Marekani kwa sababu ya mshahara. Ulikwenda ili wanaume uliokua nao wasikuone ukiangusha taa nyingine. Alikuahidi kutomwambia mtu, na ameitunza ahadi hiyo. Ndiyo maana alifunga mdomo mbele ya Idwal. Amesema ahadi hiyo hawezi kuivunja kwa Idwal, ila wewe unaweza.

Sikuandika haya kukuaibisha, Baba. Niliposikia sikukuona mdogo. Nilikuona umesimama nyuma ya mlango na kidevu juu, na nikataka kukimbia kukufunga kola mwenyewe.

Idwal hatatusikiliza sisi, wala daktari, ambaye amesema mkono ni baridi yabisi. Atakusikiliza wewe tu, kwa kuwa anaamini wewe ni ushahidi kwamba mtu anaweza kupigwa miaka yote hiyo akabaki mzima. Bwana Prosser atamngoja mpaka mwisho wa Oktoba. Bi Treharne ameniambia meli ya posta ikiwahi, jibu linaweza kufika hapa kabla ya hapo. Nimepiga hesabu na ninaamini linaweza.

Mama anakusalimu. Mjomba Shadrach anakusalimu, na amesema akiruhusiwa tena kukanyaga kizingiti ataleta chupa yake mwenyewe. Mama Rees wa jirani anakusalimu, na mbwa wako Nel, ambaye sasa haoni lakini bado anamfokea mleta barua. Mlezi wetu Mungu akulinde na akuepushe na ajali ya mgodi.

Ni mimi, binti yako akupendaye,
Ceinwen

Nilikuwa nimekwisha tia sahihi, Mama akauliza kama nimekuuliza. Sikuwa nimekuuliza, niliona haya. Anasema nikuulize wazi, nawe ujibu kwa posta ya kwanza, na jibu hilo nitamsomea Idwal kwa sauti baada ya chakula, kama kawaida yetu. Basi nakuuliza: Jumapili asubuhi, huko Scranton, nani anakufunga kola?